Dola, Himaya au Milki? Istilahi za Utawala katika Hadithi za Falme za Kihindi

Miongoni mwa maswali ambayo huulizwa na watafsiri, lipo moja ambalo hujitokeza tena na tena kwa sura mbalimbali, nalo ni hili: nchi ya kubuni iliyoundwa kwa mfano wa falme za kale za Bara Hindi iitweje kwa Kiswahili, na wakubwa wake waitwe nani? Swali hili si la kupuuzwa. Filamu na tamthilia za Kihindi zenye visa vya wafalme zinapendwa mno katika Afrika ya Mashariki. Baadhi yake hutiwa sauti za Kiswahili, na nyingine husimuliwa na mtu aketiye na kipaza sauti katika kibanda cha video. Msimulizi huyo ni mtafsiri kamili, ingawa hana kamusi mbele yake wala nafasi ya kufikiri mara mbili. Neno alitumialo usiku huu kesho litasikika barazani, na keshokutwa mwalimu wa historia atalikuta katika insha ya mwanafunzi wake.

Makala haya hayakusudii kutoa orodha ya istilahi zilizokwisha pitishwa. Yanakusudia kueleza kwa nini baadhi ya maneno yanafaa na mengine hayafai, ili kila anayeandika aweze kuchagua hali akijua anachochagua.

Tuchukue mfano unaojulikana na wengi, yaani Mahishmati, nchi inayosimuliwa katika filamu mbili za Baahubali zilizoongozwa na S. S. Rajamouli, zikatolewa mwaka 2015 na 2017 katika lugha za Kitelugu na Kitamili. Mahishmati ya filamu haikuwahi kuwapo. Jina lake hata hivyo ni la kweli: palikuwa na mji wa kale wenye jina hilo kando ya mto Narmada, mji unaotajwa katika visasili vya Kihindi, na baadhi ya wataalamu huufananisha na Maheshwar ya leo katika jimbo la Madhya Pradesh. Kadhalika Kuntala, ufalme mdogo wa binti mfalme Devasena, ni jina la kale la eneo lililomo katika Karnataka ya leo. Na vyeo vinavyotajwa humo, kama vile maharaja, rajamata na senapati, vyote vilibebwa na watu waliozaliwa wakafa. Kwa hiyo mtafsiri asijidanganye kwamba, kwa kuwa nchi ni ya kubuni, basi ana ruhusa ya kubuni maneno apendavyo. Hadithi ni ya uongo, lakini vyeo vyake vina historia, na maneno ya Kiswahili tunayoviwekea nayo yana historia yao.

Tuanze na jina la nchi yenyewe. Kiswahili kina maneno manne yanayogombania nafasi hiyo: ufalme, dola, himaya na milki.

Ufalme hauna taabu. Ni nchi ya mfalme mmoja, iwe kubwa au ndogo. Taabu huanza pale mfalme mmoja anapokuwa juu ya wafalme wengine, kila mmoja akiwa na kiti chake na watu wake, lakini wote wakimpelekea mkubwa wao mali na askari. Kuntala ni ufalme. Mahishmati ni zaidi ya ufalme. Msimulizi akiziita zote mbili ufalme, kisa kinapoteza nguvu, kwa sababu mtazamaji haelewi kwa nini watu wa Kuntala wapate hofu mjumbe wa Mahishmati anapofika na zawadi mkononi.

Milki hutokana na kumiliki. Humtazama mtawala kama mtu mwenye shamba, na nchi kama mali yake. Ni neno zuri kwa ardhi, majumba na hazina, na katika sheria lina kazi yake maalumu. Hata hivyo, linapotumiwa kwa utawala juu ya wafalme wengine linasema jambo lisilo kweli, kwa kuwa mfalme mkubwa wa Kihindi hakuwa mwenye nchi za wafalme wadogo. Alikuwa na haki juu yao, si juu ya kila shamba walilokuwa nalo.

Himaya ndilo neno linalopendwa zaidi na waandishi wa magazeti, nalo linavutia kwa mlio wake. Asili yake ni Kiarabu na maana yake ni ulinzi, kama tusemavyo kuhami. Lakini neno hili limekwisha kuwa na kazi nzito katika historia yetu wenyewe: ndilo tulitumialo tunaposema kwamba Zanzibar iliwekwa chini ya himaya ya Waingereza kuanzia mwaka 1890 hadi 1963. Ulinzi huo ulikuwa wa namna gani, msomaji anajua. Tarehe 27 Agosti 1896 walinzi hao walilipiga kwa mizinga jumba la Sultani, na vita vikaisha kabla ya saa moja kutimia. Ikiwa himaya ni hali ya nchi ndogo kuwekwa chini ya nchi kubwa kwa jina la kulindwa, haifai tena iwe jina la nchi kubwa yenyewe. Mwanafunzi atakayesoma katika ukurasa mmoja kwamba Zanzibar ilikuwa himaya, na katika ukurasa mwingine kwamba Uajemi wa kale ulikuwa himaya, atadhani kwamba hali zao zilikuwa moja.

Linabaki neno dola. Kiarabu kililitumia kwa maana ya zamu, mapokezano ya bahati, kisha kwa maana ya ukoo unaotawala kwa zamu yake, na hatimaye kwa mamlaka yenyewe. Maana hizo zote zinalingana vema na mambo ya Bara Hindi. Vijayanagara, utawala mkubwa wa kusini ulioanzishwa kwenye mto Tungabhadra, kwa kawaida husemwa mwaka 1336, ulipitia mikononi mwa koo nne: Sangama, Saluva, Tuluva na Aravidu. Enzi ilirithiwa, koo zikabadilika. Hiyo ndiyo dola kwa maana yake ya asili.

Wapo wanaopinga neno hili, na hoja zao si za kubezwa. Husema kwamba dola leo ni neno la serikali na mamlaka ya nchi yoyote, kama tunaposema vyombo vya dola. Kwamba tena ni jina la fedha. Na kwamba watu hawajakubaliana kama ni dola ya au dola la. Hoja ya fedha ni nyepesi, kwa kuwa hapana msomaji atakayedhani kwamba dola ya Mahishmati ni noti. Ya upatanisho ni nyepesi pia: mwandishi achague upatanisho mmoja aushike toka mwanzo hadi mwisho, sisi tunatumia dola ya. Hoja ya kwanza ndiyo yenye uzito, lakini kwa maoni yangu inaunga mkono neno hili badala ya kulivunja. Kitabu cha Arthashastra kinachonasibishwa na Kautilya, ambacho mswada wake ulitambuliwa na R. Shamasastry mjini Mysore mwaka 1905 na kuchapishwa mwaka 1909, kinaeleza utawala kuwa mwili wenye viungo saba: mwenye enzi, mawaziri, nchi pamoja na watu wake, ngome, hazina, jeshi, na rafiki. Mtafsiri ajaribu kutafuta neno moja la Kiswahili litakalovichukua viungo vyote saba. Ufalme unachukua kile cha kwanza, milki inachukua cha tatu na cha tano, himaya labda inagusa cha mwisho. Dola inavichukua vyote.

Kwa hiyo pendekezo letu ni kwamba Mahishmati, Vijayanagara na utawala wa Maurya ziitwe dola. Kuntala na mfano wake ziitwe falme. Na neno himaya libaki kwa uhusiano uliopo kati yao, ili tuweze kusema, bila kujikanyaga, kwamba ufalme wa Kuntala uliingia katika himaya ya dola ya Mahishmati.

Baada ya nchi huja mwenye nchi, na hapa mtafsiri hujikuta mbele ya mrundikano wa vyeo: raja, maharaja, maharajadhiraja, samrati, chakravarti. Raja ni mfalme. Maharaja ni mfalme mkuu. Maharajadhiraja ni mfalme mkuu wa wafalme. Chakravarti ni yule ambaye magurudumu ya gari lake huenda kila upande bila ya kuzuiwa. Mtu angedhani kwamba inatosha kuvipanga kama ngazi na kumpa kila mmoja neno lake kwa kadiri ya ukubwa. Historia inakataa. Ashoka, aliyetawala karibu Bara Hindi lote katika karne ya tatu kabla ya Kristo, katika maandishi aliyoyachonga juu ya miamba na nguzo hujiita raja tu, pamoja na lakabu ya mpendwa wa miungu. Miaka zaidi ya 500 baadaye, wakubwa wa kwanza wa ukoo wa Gupta waliitwa maharaja, lakini Chandragupta wa Kwanza, aliyeanza kutawala mnamo mwaka 320, akajitwalia maharajadhiraja, na tokea hapo maharaja likawa jina la wafalme waliokuwa chini. Kufikia mwaka 1947 palikuwa na tawala za kienyeji zaidi ya 500 chini ya Waingereza, na wengi wa watawala wake waliitwa maharaja, ingawa nchi za baadhi yao zingeweza kuzungukwa kwa siku moja. Serikali ya India ilifuta utambuzi wa vyeo hivyo mwaka 1971.

Cheo, basi, hukua kwa maneno pale ambapo nguvu hupungua. Mtafsiri asipime ukubwa wa mtawala kwa urefu wa lakabu yake. Raja na maharaja yamekwisha kuwa maneno yanayoeleweka kwa Kiswahili na yaachwe kama yalivyo pale yanapokuwa lakabu iliyoshikamana na jina la mtu. Katika maelezo ya kawaida, mfalme na mfalme mkuu yanatosha. Kaisari lisitumiwe. Neno hilo kwetu lina sauti ya Injili na Rumi, na kwa wazee wa Tanganyika lilikuwa na sauti ya Mjerumani. Tena katika Bara Hindi lenyewe lina mwenyewe: tarehe 1 Januari 1877 Malkia Victoria alitangazwa mjini Delhi kuwa Kaisar-i-Hind, na cheo hicho kilichaguliwa makusudi ili asifanane na raja yeyote. Kumwita mfalme wa Mahishmati Kaisari ni kumvika kofia ya mtu aliyekuja kuwavua wenziwe taji.

Neno raya linahitaji tahadhari ya pekee. Wafalme wa Vijayanagara walimalizia majina yao kwa raya, ambalo ni umbo la kusini la raja: Krishnadevaraya aliyetawala mwaka 1509 hadi 1529, na hata Rama Raya, aliyeshika utawala kwa niaba ya mfalme, akauawa katika vita vya Talikota mwezi Januari 1565. Sikio la Mswahili husikia raia. Na jambo la ajabu ni kwamba raia nalo lipo katika Bara Hindi, limetoka katika Kiarabu kile kile tulichotoa letu, kwa maana ya kundi lichungwalo, na huko lilikuwa jina la mkulima alipaye kodi. Kwa hiyo katika ukurasa mmoja wa historia ya kusini twaweza kukuta raya aliye juu ya kiti na raia aliye shambani, maneno mawili yasiyo na udugu wowote yakisimama kama pacha. Dawa ni ndogo: jina la mfalme liandikwe kwa y na kwa herufi kubwa, na neno mfalme litangulizwe kila inapowezekana.

Kuhusu utohozi, wafalme hao wa Vijayanagara wanatupa mfano ambao ningependa kila mtunga istilahi aukumbuke. Katika maandishi yao ya karne ya 14 walijiita hinduraya-suratrana, yaani sultani miongoni mwa wafalme wa Kihindu. Suratrana si neno lingine bali ni sultani lililotiwa katika sauti za Kisanskriti. Tena wale walioliandika walilitohoa kwa ustadi, kwani likigawanywa kwa Kisanskriti huweza kusomeka mlinzi wa miungu. Watu hao walikuwa wakipigana na masultani, na bado hawakuona aibu kuchukua neno la adui lililokuwa na hadhi, wakalipa sura ya nyumbani. Wale wanaodai kwamba kutohoa ni unyonge wa lugha watafakari jambo hilo.

Chini ya mfalme mkuu kulikuwa na samanta. Historia ya neno hili peke yake ingetosha kuwa makala. Katika Arthashastra samanta ni jirani, mfalme ambaye mpaka wake unagusa mpaka wako. Karne kadhaa baadaye, katika maandishi ya mashamba na ya vita, samanta ni mfalme aliyeshindwa na kuachiwa kiti chake kwa sharti la kutii. Jirani amegeuka mtumishi, na neno halikubadilika hata herufi. Kwa Kiswahili, baadhi ya wasimulizi humwita kibaraka. Hili silikubali. Kibaraka ni neno la tusi lililokomaa katika siasa za kupigania uhuru. Humhukumu mtu kwamba amewasaliti watu wake. Samanta hakuwa msaliti. Alikuwa amepigana, akashindwa, akaapa, na watu wake waliendelea kumheshimu. Mfalme mtiifu ni bora, au mfalme aliye chini ya fulani, na pale ambapo mwandishi ni wa historia na anahitaji istilahi yenyewe, basi samanta iingizwe na kuelezwa mara moja.

Alichopeleka samanta kwa mkubwa wake kinatutia katika shida nyingine. Zamani tulikuwa na neno lililofaa sana, nalo ni hongo: mali ambayo misafara ya karne ya 19 ilimlipa mtemi au chifu ili ipite katika nchi yake. Ilikuwa haki iliyokubaliwa, ikatozwa hadharani. Leo hongo ni rushwa, na mtumishi wa serikali akiliona katika tafsiri atafikiri jambo jingine kabisa. Neno hilo limekwisha tutoka, hatuna budi kuliaga. Kodi hutolewa na raia kwa serikali yake, kwa hiyo nayo haimfai mfalme. Tunapendekeza kodi ya utii, ambayo inaeleza chanzo cha malipo. Kuhusu fungu la mfalme katika mavuno ya wakulima, ambalo vitabu vya kale vya Kihindi hulitaja kuwa moja ya sita, Kiswahili kina neno lake tayari: sudusi. Yafaa tulifufue. Wapo watakaoandika ushuru wa sudusi, nasi hatutawakataza, ingawa kwa asili ushuru ni fungu la kumi na mtu angekuwa anasema fungu la kumi la moja ya sita.

Nayaka huchanganya zaidi kuliko samanta. Huyu katika Vijayanagara alikuwa mkuu wa askari aliyepewa ardhi na mfalme kwa sharti la kuweka idadi fulani ya askari, farasi na tembo, na kupeleka sehemu ya mapato. Nguvu ya mji mkuu ilipovunjika baada ya mwaka 1565, manayaka wa Madurai na Thanjavur wakawa wafalme kwa vitendo. Mtafsiri wa pwani atashawishika kumwita liwali au akida. Liwali alikuwa mwakilishi wa Sultani katika mji, mtu wa hati na mashauri. Hakupewa ardhi kwa sharti la kuweka jeshi. Akida naye, kabla ya Wajerumani, alikuwa mkuu wa kikosi, na hapo angekaribia kufaa. Lakini serikali ya Kijerumani iliwaweka maakida juu ya majumbe kukusanya kodi na kusimamia kazi za shuruti, na chuki juu yao ilikuwa miongoni mwa sababu za Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907. Mtoto wa Songea au Kilwa akisoma akida hamwoni mpiganaji juu ya tembo. Anamwona mtu mwenye kiboko katika shamba la pamba. Nayaka abaki nayaka.

Mambo ni kinyume kwa jemadari na diwani, ambayo yanaonekana kuwa maneno tuliyonayo tayari. Jemadari lilitufikia kutoka Bara Hindi, na katika jeshi la Waingereza huko lilikuwa cheo cha chini cha ofisa mwenyeji. Huku kwetu lilipanda: walianza majemadari wa askari wa Kibaluchi wa Sultani, na sasa katika lugha ya fasihi jemadari ni amiri mkubwa wa vita. Kwa hiyo senapati wa Mahishmati, mkuu wa majeshi yote, aweza kuitwa jemadari mkuu bila ya kosa, lakini jemadari wa vitabu vya jeshi la kikoloni asiachwe vivyo hivyo. Diwani limeshuka. Katika tawala za Kihindi diwani alikuwa mkuu wa hazina, na baadaye waziri mkuu wa raja. Mokshagundam Visvesvaraya, mhandisi mashuhuri, alikuwa diwani wa Mysore kuanzia mwaka 1912 hadi 1918. Akiandikwa Diwani wa Mysore, msomaji wetu atadhani kwamba alichaguliwa na kata kwenda kuuliza habari za barabara na visima katika halmashauri. Aandikwe waziri mkuu wa Mysore.

Katika filamu tunayoizungumzia, mtu mwenye nguvu kuliko wote si mfalme bali ni Sivagami, aitwaye Rajamata. Wasimulizi wengi humwita Malkia, na hapo hupotoka. Kwa Kiswahili malkia ni mwanamke anayetawala kwa haki yake, au mke wa mfalme. Sivagami si huyu wala yule: mumewe alinyimwa kiti kwa ajili ya ulemavu, mfalme akafa, mkewe naye akafa kwa uzazi, na Sivagami akashika utawala huku akilea watoto wawili wa kiume, wake na wa marehemu, mpaka mmoja wao afae kutawazwa. Mama wa mfalme nalo halisemi kweli, kwa kuwa kwa muda mrefu hakuna mfalme ambaye yeye ni mama yake. Kazi yake ni ya kaimu, lakini neno hilo lina harufu ya ofisi na barua za uhamisho. Tunashauri cheo kibaki Rajamata, na anapotajwa kwa kazi yake aitwe mshika dola, maana ndivyo alivyo: ameishika kwa ajili ya mwingine. Amri zake huitwa shasana, neno ambalo katika historia ni hati ya mfalme iliyochongwa juu ya jiwe au bamba la shaba ili isifutike. Amri peke yake ni hafifu. Afadhali hati ya enzi.

Tumefika kwa Kattappa, na hapa maneno yanaumiza. Yeye ni mpiganaji hodari ambaye jadi yake iliapa kukitumikia kiti cha Mahishmati vizazi hata vizazi, hata akitumwa kumwua ampendaye. Msimulizi anayemwita mtumishi amemwondolea mateso. Mtumishi huacha kazi. Anayemwita mtumwa amesema kweli, lakini amechukua neno ambalo pwani yetu hutamkwa kwa sauti ya chini, kwani soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873 na utumwa wenyewe ukafutwa kisheria huko mwaka 1897, na katika Tanganyika mwaka 1922. Zipo familia ambazo neno hilo halijawa historia kwao. Hata hivyo si kazi ya mtafsiri kulifunika jeraha kwa neno laini. Kiswahili cha zamani, kwa sababu ambazo si za kujivunia, kina msamiati mpana katika jambo hili: mtwana, kijakazi, mjoli, mzalia. Mzalia ndiye aliyezaliwa utumwani katika nyumba ya bwana wake, akakua humo, akaaminiwa, akapewa hata silaha, na bado hakuwa huru. Kattappa ni mzalia. Neno hili limekaribia kufa, nami ningependelea life pamoja na hali liliyoitaja; lakini maadamu hali hiyo inasimuliwa, jina lake litumike, na msimulizi aongeze mtumwa mara moja mwanzoni ili vijana wafahamu.

Kuhusu mafungu ya watu wa Kihindi yafuatanayo na kuzaliwa, tabaka lisitumiwe. Tangu miaka ya 1960 tabaka limekuwa istilahi ya uchumi na siasa, la wafanyakazi na la wakulima, na mtu aweza kutoka katika tabaka lake. Kutoka katika jati hawezi. Iandikwe jati.

Silaha na vyombo vya vita havina shida kubwa. Jeshi kamili la Kihindi lilikuwa na viungo vinne, yaani tembo, magari, farasi na askari wa miguu, na likaitwa chaturanga. Neno hilo lilisafiri Uajemi na Uarabuni hata likatufikia kama jina la mchezo wa sataranji. Gari la vita linaeleweka tangu tafsiri za Biblia, na gari lenyewe ni neno tuliloazima kwa Wahindi, hivi kwamba tunapomrudishia mfalme wa Mahishmati gari lake tunamrudishia kilicho chake. Idadi za majeshi zihesabiwe kwa laki, ambayo nayo ni ya kwao.

Limebaki suala la adui. Katika filamu ya kwanza Mahishmati huvamiwa na kabila la Kalakeya, ambao wamepakwa weusi wa kutisha na kupewa lugha ya peke yao, Kiliki, iliyotungwa na Madhan Karky kwa ajili ya filamu hiyo, yenye yapata maneno 750 na kanuni 40 za sarufi. Neno linalomjia msimulizi upesi ni washenzi. Neno hilo watu wa pwani waliwaitia watu wa bara kwa miaka mingi, na wapo wazee wanaokumbuka waliitwa hivyo na nani, na wapi. Waitwe wavamizi, au Wakalakeya. Kishawishi cha pili ni kikubwa zaidi, kwa kuwa kinachekesha: kuwatia midomoni lafudhi ya kabila fulani la nchini mwetu, au maneno ya lugha ya jirani, ili ukumbi ucheke. Kiliki kilitungwa ili kisieleweke na yeyote, si Mtelugu wala Mtamili, na hofu ya mandhari ile inatokana na kutoeleweka huko. Msimulizi anyamaze kiongozi wao anaposema, aache sauti ya filamu isikike, kisha atafsiri jibu la Mahishmati.